Muunga Filamu wa Fort Lee

Ottilie Zeller aliunga filamu kwa miaka minane na hakununua tiketi ya sinema hata siku moja. Alisema mpishi hana hamu na chungu alichokikoroga mwenyewe. Majirani zake pale Fort Lee, juu ya majabali, ng'ambo ya mto kutoka New York, walimjua kwa macho makali na ulimi mkali zaidi. Macho yalimfaa. Ulimi ndio uliomponza, tena si kwa kusema bali kwa kukaa kimya siku ambayo haukupaswa kukaa kimya.

Alifanya kazi Studio ya Verbeck. Bwana Verbeck alikuwa muuza kofia ambaye kofia hazikumtoa. Mwaka 1909 alikodi bustani ya kuuzia bia, akatandaza mashuka meupe juu ya jukwaa ili kupunguza ukali wa jua, akatangaza kwamba hiyo ni studio. Mwaka wa kwanza mji ulimcheka. Mwaka wa pili mji mzima ulikuwa ndani ya picha. Muuza nyama alikuwa sherifu. Mama wa posta alitekwa na majambazi mara nne kabla ya Pasaka, na barua zikachelewa mara nne. Farasi wa maziwa alivuta gari lake alfajiri, mchana akabeba majenerali. Padri alilalamika mimbarini kwamba watu wanakuja misani na poda usoni, wanaume kwa wanawake.

Mwaka 1911 Verbeck akajenga jumba la vioo, paa vioo, kuta vioo, kwa sababu filamu za wakati ule zilikuwa na uchu wa mwanga. Kiangazi waigizaji waliiva humo; majira ya baridi waliganda. Aliyechonga fremu za vioo hivyo ni Konrad Zeller, seremala Mjerumani mwenye ndevu za rangi ya majani makavu na kifua kibovu. Ottilie, mkewe, alikuwa akimletea chakula cha mchana, viazi na soseji. Siku moja akakosea mlango, akajikuta katika chumba cha kuunga filamu. Akawatazama wasichana waliokuwa wakikata, kisha akasema kwa sauti, "Huyu hapa anashika mkasi utadhani anachimba viazi."

"Kama unajua zaidi, kaa wewe," msimamizi akamjibu.

Akakaa. Viazi vya Konrad vilipoa siku ile.

Kazi yenyewe ilikuwa ya negativu, ile filamu halisi iliyotoka ndani ya kamera, ambayo kwayo nakala zote huchapwa. Unavaa glavu nyeupe, unakata, unakwangua ncha kwa wembe, unapaka gundi, unabana, unaomba Mungu. Nywele ukizikata vibaya zitaota, negativu haioti. Na kila kitu ndani yake ni kinyume: nyuso nyeusi, meno meusi, nywele nyeusi zimekuwa mvi, na mdomo ukifunguka ni tundu la mwanga. Msichana mgeni alihitaji mwezi mzima kabla hajamtambua mtu. Ottilie aliwazoea hivyo hata siku moja akakutana barabarani na mwigizaji mkuu wa studio, bibi mweupe kama unga, akampita bila salamu. Hakumjua akiwa upande huo.

Alikuwa na ujuzi mwingine pia. Akiivuta filamu kati ya vidole viwili kwa mwendo fulani, mbele ya kioo chenye taa chini yake, watu waliomo walianza kutembea. Na wakitembea, midomo yao ilisema, na Ottilie akajifunza kuisoma. Lo! Sinema haikuwa na sauti, kwa hiyo waigizaji walisema lolote lililowajia. Bwana harusi aliyepiga magoti alikuwa akiulizia matokeo ya mbio za farasi. Binti aliyekuwa akimlilia mama yake alikuwa akimwambia, "Unanikanyaga, ng'ombe wewe." Siri zote za studio zilipita mezani kwa Ottilie, na hakuzitoa nje ya chumba kile, ila zile tamu.

Konrad naye alivutwa mbele ya kamera kila watu walipopungua. Akawa polisi, akawa hakimu, akawa maiti. Na kwa kuwa alijua kila futi ya negativu itapita kwenye vidole vya mkewe, alizoea kumtumia ujumbe kwa Kijerumani chao cha nyumbani. Siku moja Ottilie aliangua kicheko peke yake, na Assunta, Mtaliano aliyekaa meza ya pili, akageuka.

"Nini tena?"

"Mume wangu hataki kabichi."

"Amekuambia saa ngapi, na yuko kule juu ya paa?"

"Alhamisi iliyopita. Alikuwa anamhukumu mtu kunyongwa."

Desturi ikawa kwamba jibu hutolewa nyumbani, wakati wa chakula cha jioni, bila kueleza chochote. Konrad aliketi, akainua nyusi, akangoja. Ottilie akaweka sahani mezani na kusema, "Kabichi utakula," na hapo wote wawili walijua kwamba ujumbe umefika. Ndoa nyingine huishi kwa maua. Hii iliishi hivyo.

Sasa kuna jambo la Warusi. Studio za siku zile ziliuza picha hata Urusi, na wanunuzi wa huko walikuwa na masharti yao: picha isiishe kwa furaha. Mmarekani alitaka busu na harusi. Mrusi akioneshwa harusi alidhani ameibiwa. Kwa hiyo Verbeck, kama wenzake wengi, alipiga miisho miwili. Wa kwanza kijana anarudi nyumbani na kumwoa mchumba wake. Wa pili kijana huyohuyo anarudi na kukuta msiba. Mwisho wa Warusi uliwekwa ndani ya kopo lake la bati, ukaandikwa R kwa chaki ya bluu, na Ottilie ndiye aliyeuunga. Alikwisha kuwaua mashujaa wengi kwa mkasi ule, na hakupoteza usingizi.

Mwishoni mwa mwaka 1917 mambo yakaharibika. Kulikuwa na vita, makaa ya mawe yakaadimika, mto ukaganda hata vivuko vikakwama kwenye barafu, na jumba la vioo likawa kaburi. Verbeck akasema anahamia California, kwenye jua la bure. Konrad akapewa nafasi ya kwenda. Kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi kila asubuhi, na daktari alikwisha kumwambia ahame kwenye baridi. Akarudi nyumbani amefurahi kama mtoto siku ya kufunga shule.

Ottilie akakataa. Alikuwa amezika watoto wawili pale Fort Lee, hata mmoja hakufikisha mwaka, na kila Jumapili alikwenda kuyafagia makaburi yao.

"Watoto wangu wako hapa," alisema.

"Watoto wetu, Tilli. Na mimi je, mimi ni wa nani?"

"Basi nenda. Seremala hakosi ubao popote."

"Unawapenda waliokufa kuliko mimi ninayepumua."

"Unapumua? Mbona nasikia filimbi tu?"

Hayo ni maneno mabaya, na Ottilie mwenyewe alijua ni mabaya kabla hayajamaliza kutoka mdomoni. Lakini kila mmoja alikuwa na kichwa kigumu, na kichwa kigumu ni mzigo wa mwenye nacho. Wakanuniana. Wiki tatu na zaidi walikula meza moja, wakalala kitanda kimoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake hata "nisogezee chumvi".

Katika wiki ya tatu, Januari, picha ilihitaji mwisho wa Warusi: baba mzee anakufa kitandani kabla mwanawe hajafika mlangoni. Mwigizaji aliyepangiwa alikwama ng'ambo ya mto. Baba huyo katika picha nzima alikuwa ametajwa kwenye barua tu, hajaonekana, kwa hiyo mzee yeyote mwenye ndevu angefaa. Wakamvalisha Konrad shati la kulalia na kumlaza ndani ya jumba la vioo lisilo na moto. Ottilie alisikia habari hiyo chumbani kwake na kusema moyoni, atakoma.

Siku zilizofuata Konrad akawa mtu wa ajabu. Alirudi jioni, akaketi, akamkodolea macho mkewe juu ya bakuli la supu. Ottilie akaona ni kiburi: huyu anangoja nimwombe radhi. Akazidi kuinamia bakuli lake. Jioni ya tisa Konrad ndiye aliyevunja kimya.

"Huna la kuniambia, Tilli?"

"Sina."

Kesho yake homa ya mapafu ikamwangusha. Hakusema tena neno lenye maana. Alihesabu mbao, akaita majina ya watu wa utotoni. Alizikwa Jumamosi, karibu na wale wawili, na wachimba kaburi walilazimika kuwasha moto juu ya ardhi ili ilainike.

Nataka ieleweke kwamba Ottilie hakuwa mtu wa kujiliza. Alirudi kazini Jumatatu. Studio ikaendelea kwa kujikokota mwaka mmoja na kitu, kisha Verbeck akafunga, naye Ottilie akaenda kushona mashati katika kiwanda. Lakini lile "sina" alitembea nalo. Alikuwa nalo akifua, akipanda ngazi, akifagia makaburi, sasa matatu. Mume wake alikufa akijua kwamba mkewe hana la kumwambia. Alimwambia Assunta mara moja tu, na Assunta akalia kwa niaba yake, maana Wataliano wanajua kusaidiana hata hilo.

Mwaka 1924 mnunuzi mmoja alinunua makopo yote yaliyobaki ghalani kwa Verbeck. Hakutaka picha. Filamu ina chembe za madini ya fedha ndani yake. Ukiichemsha kwenye dawa, fedha inatoka, na kinachobaki ni plastiki ya kutupwa. Aliambiwa tu abakize picha chache zilizokwisha kuuzwa kwingine, na kwa kuwa hakuna aliyezijua negativu zile kwa sura, wakamtafuta Ottilie azichague kabla ya lori la Ijumaa.

Mlinzi wa ghala alikuwa Dinny Halloran, aliyekuwa mshika taa enzi za studio. Mwayalandi huyo alikuwa na maneno mengi kuliko meno. Jumanne walipokuwa wakinywa kahawa juu ya makreti, akaanza kukumbuka.

"Bi Zeller, mumeo alitutesa siku ile ya kufa. Samahani, nasema ile ya kuigiza."

"Aliwatesa vipi?"

"Hataki kufa! Mwongozaji anapiga kelele, 'Kufa, Zeller! Kufa basi, mwanga unakwisha!' Yeye amelala pale ameikazia macho kamera, anaongea Kijerumani chenu, anaongea, anaongea. Kamera inakula filamu. Mwongozaji akasema, 'Huyu ni maiti au mwanasheria?' Ndipo akafumba macho."

Ottilie akaweka kikombe chini. "Alikuwa anasema nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi Kijerumani najua 'bia' tu. Si wewe uliyekuwa unaunga? Sote tulijua anaongea na wewe."

"Sikuunga mwisho ule, Dinny. Haukuja."

Ni kweli haukuja. Urusi ilikuwa imepinduliwa, na Verbeck alikuwa akijipa moyo kwamba wafalme huanguka lakini watazamaji hubaki. Wiki ileile ya kupiga picha ikafika simu ya maandishi ya kufuta oda yote. Filamu ikatolewa kwenye dawa, ikakaushwa, ikawekwa kando ndani ya kopo lake. Ottilie aliambiwa Warusi wameachwa, akadhani kila kitu kimetupwa, naye wakati huo alikuwa amenuna, na aliyenuna haulizi habari za mume.

Halloran akageukia rafu za ghala. "Basi kopo limo humuhumu," alisema. "Hapa hakikutupwa kitu."

Jumanne hiyo na Jumatano Ottilie alitafuta kwenye rafu ya Urusi. Makopo ya R yalikuwa arobaini na kitu, mengine yameota kutu hata hayafunguki bila bisibisi. Filamu ikizeeka vibaya hunata, kisha hutoa povu, kisha huwa unga wa kahawia, na harufu yake ni ya soksi zilizolowekwa ndani ya asali. Alifungua, akanusa, akavuta futi mbili tatu mbele ya dirisha, akafunga. Akakutana na wafu wengi: wajane, mabaharia, binti aliyejirusha mtoni. Konrad hakuwemo.

Alhamisi akatambua kosa lake. Filamu ile haikuwahi kuungwa, kwa hiyo haikuwahi kupewa jina la picha wala rafu. Vipande vya aina hiyo waliviita mayatima, na viliwekwa chini ya ngazi.

"Mayatima wako wapi?" akamwuliza Halloran.

Halloran akajikuna. "Uani. Niliwapakia kwanza, Jumatatu. Makreti tisa, nimeyapigilia misumari."

"Yafungue."

"Bi Zeller, yule bwana keshahesabu..."

"Dinny, mume wangu amefungiwa humo na misumari. Yafungue au nipe nyundo."

Akampa nyundo, kisha kwa aibu akaichukua tena na kufungua mwenyewe. Alhamisi wakamaliza matano. Ijumaa asubuhi wakaanza tena, na kwenye kreti la nane, chini kabisa, kulikuwa na kopo lenye R ya bluu na namba ya siku ile ya Januari. Kifuniko kilitoka kwa shida. Pembeni filamu ilikuwa imeanza kunata, ila katikati ilikuwa safi.

Ottilie alipanda nayo hadi kile chumba chao cha zamani cha kuunga, juu ya ghala. Meza zilikuwa zimeuzwa. Kilibaki kioo kimoja kilichopasuka, akakiegemeza dirishani ili jua lipite nyuma yake. Hakuwa na glavu. Akanawa mikono, akaipangusa kwa aproni, akashika filamu.

Kwanza kikatokea kitanda. Kisha uso mweusi na ndevu nyeusi juu ya mto mweusi. Mtu mwingine yeyote angeona zimwi. Ottilie aliona mume wake, akiwa na baridi na haya kidogo, kama alivyokuwa kila akivalishwa nguo zisizo zake. Vidole vyake havikuwa vimesahau mwendo. Alivuta, na Konrad akageuza kichwa na kumtazama, na lile tundu la mwanga likafunguka.

*Tilli.*

Ottilie akasimamisha vidole. Akavuta tena, polepole, maana matundu ya pembeni mwa filamu yalikuwa yakianza kukatika.

*Tilli, siendi. Nimewaambia leo asubuhi. Wale wadogo wako hapa, wewe uko hapa, nitakwenda kufanya nini kule? Kunywa jua? Nilisema maneno ya kijinga. Wewe pia, lakini yako yalikuwa ya kuchekesha. Huyu mtu anapiga kelele nife. Ngoja kwanza. Sikujua namna ya kuanza nyumbani, kwa hiyo naanzia hapa. Ukiiona hii, sema na mimi. Sema chochote. Nitakuwa nangoja.*

Kisha akafumba macho, na kijana mwenye koti la manyoya akaingia mbio, akapiga magoti, akalia vizuri sana.

Ottilie hakulia bado. Alikuwa akihesabu siku, kuanzia siku ya kitanda hadi siku ya homa. Jioni tisa Konrad alikaa mbele ya supu akidhani mkewe amekwisha kusoma kila neno. Hakuwa akingoja kuombwa radhi. Alikwisha kuomba yeye, akawa anangoja jibu, na jibu alilopewa lilikuwa lile "sina".

Uani lori liliwasili. Likazimwa, mlango ukabamizwa, sauti ya mtu mgeni ikauliza kama kila kitu kiko tayari. Halloran akapanda ngazi akihema, akachungulia mlangoni. Alimkuta Bi Zeller amesimama dirishani, filamu imemzunguka hadi miguuni, uso umelowa machozi, na anaongea. Anaongea kwa kasi, kwa Kijerumani ambacho hakuna aliyemsikia akikisema tangu vita, mara kwa ukali, mara akicheka, mkono mmoja ukipiga kioo kama mtu anayegonga meza.

"Bi Zeller," Halloran akasema taratibu, "yule bwana anauliza kama na hilo linakwenda."

Hakugeuka.

"Mwambie angoje, Dinny. Naongea na mume wangu."